Kimya cha Robo ya Tatu

Kila Jumatano ya msimu, ikikaribia saa nane mchana, Darlene Stukey wa gazeti la Pruett alipanda jukwaa la mashariki la uwanja wa chuo, akafuta kiti kwa skafu yake, akafungua daftari na kuisubiri mechi ya Jumamosi ya futiboli ya Kimarekani. Alikuwa na chupa ya kahawa na penseli mbili. Uwanjani hapakuwa na mtu ila Orval, mzee wa kukata nyasi, ambaye siku hiyo huziba masikio kwa pamba kwa sababu hapendi kuharibiwa utamu.

Saa nane kamili makelele yakaanza.

Yalikuwa makelele ya Jumamosi, yametangulia siku tatu. Ndivyo ilivyokuwa tangu jukwaa lile lilipomwagwa zege, mwaka 1961, na watu wa Pruett walishayazoea kama walivyouzoea upepo wa Kansas. Zilizokuja ni sauti za watazamaji na bendi yao tu. Filimbi ya mwamuzi haikuja, wala mtangazaji, kwa hiyo majina ya wachezaji hayakusikika. Lakini mtu mwenye sikio huelewa mengi. Kelele fupi ni timu kusogea yadi kumi. Kelele ndefu ni pointi sita. Kelele ikitoka pembe ya kusini, basi wageni ndio waliofunga, na mwandishi wa uchambuzi hana budi kulimeza hilo na kuliandika.

Ilikuwa Novemba 1988, wiki ya Ndoo. Nyati wa Pruett wangecheza na Mwewe wa Kaskel, majirani zao wa ligi moja, wakigombea ndoo ya kukamulia maziwa ambayo vyuo hivyo viwili vimekuwa vikinyang'anyana tangu enzi za mabibi. Ndoo yenyewe imetoboka. Mtu wa Pruett hanunui trekta Kaskel, na akioa huko husema mkewe katoka Nebraska.

Darlene aliandika: nusu ya kwanza, kumi kwa kumi. Wakati wa mapumziko bendi ilipiga vizuri. Robo ya tatu ilianza kwa kishindo, watu wakapandisha sauti, wakapandisha tena, kisha kelele ikakatika kama uzi.

Alitazama saa. Watu elfu thelathini walikuwa kimya. Mwanzoni ulisikika mguno, ule wa watu wanaoziba midomo kwa viganja, na baada ya hapo hakuna. Trekta ya Orval ikaendelea kunguruma peke yake. Darlene aliogopa. Mwanawe, Wade, nambari hamsini na nne, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kati wa Nyati, na kazi ya mlinzi wa kati ni kugongana kichwa kwa kichwa na watu wanaokuja mbio.

Kimya kilikaa dakika kumi na moja. Kisha makofi, yale ya polepole, ya watu waliosimama kumpigia mtu anayetolewa kwa machela. Kisha bendi. Kisha mchezo ukaendelea hadi mwisho, Pruett wakashinda kwa teke la dakika ya mwisho, ishirini kwa kumi na saba. Darlene akaandika na hilo.

Jioni mji mzima ulikuwa unajua, maana nyumba za Mtaa wa Nne ziko karibu na uwanja na watu hufungua madirisha. Hakuna aliyesema mechi iahirishwe. Vyumba vya hoteli vilikuwa vimejaa, na watu wa televisheni walikuwa njiani kutoka Wichita. Kwa kinyozi walibishana tu kama kimya kile ni cha Nyati au cha Mwewe.

"Cha Mwewe hicho," alisema kinyozi. "Wale shingo zao nyembamba. Wanalishwa viazi tu."

"Na kikiwa chetu?"

"Kikiwa chetu, basi Kaskel ni wanyama na watalipa."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kinyozi akaendelea kunyoa.

Gazetini, mhariri, Bwana Gaylen Voth, alisoma uchambuzi wa Darlene akafuta mistari minne.

"Umeandika matokeo, umeandika hali ya hewa, safi," alisema. "Hili la kimya la nini?"

"Limo, Gaylen. Dakika kumi na moja."

"Wa hapa wameshasikia. Wa mbali utawatia presha bure. Andika kwamba robo ya tatu itakuwa ngumu."

Akaandika kwamba robo ya tatu itakuwa ngumu.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa kocha, Royce Mabry, mtu mnene mwenye sauti iliyokwaruza. Kwenye korido aliwakuta akina mama wengine wameketi, mikoba magotini, hakuna anayemtazama mwenzake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku hiyo wazazi walikuwa wengi kuliko viti.

"Mama Wade, wewe ni wa kumi na tisa leo," kocha alisema kabla hajaketi. "Usiseme, najua: nimpumzishe robo ya tatu."

"Robo hiyo moja tu, Kocha."

"Kila mmoja anasema hiyo moja tu. Nikiwaweka nje wote nitaingiza nani, mpishi?" Alipangusa uso kwa taulo. "Nimeamua. Wakubwa wote wanaoanza watapumzika robo ya tatu. Nitaingiza akiba."

Darlene alishukuru. Akiwa mlangoni alisikia haya yakimtoka mdomoni: "Na akiba, mama zao wamesemaje?"

"Hawajaja," kocha alisema. "Niitie anayefuata."

Alhamisi jioni, kama desturi, akina mama waliwapikia wachezaji katika ukumbi wa kanisa la Methodisti. Zilikuwepo sinia kumi za mikate iliyojazwa nyama na kabichi. Kila mama alikuwa amebandika kifuani kifungo kikubwa chenye picha ya mwanawe na nambari yake, kile ambacho angekivaa Jumamosi katika viti vya wazazi. Waliongea kwa sauti ya juu kuliko kawaida, na walicheka yasiyochekesha.

Efrén Zaldívar alimfuata Darlene akiwa na sahani ya tatu. Alikuwa mwaka wa pili, akiba wa Wade, kijana wa Presidio, kule Texas mpakani, mwenye tabasamu la mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mama Wade! Umesikia? Robo ya tatu ni yangu. Yote!"

"Nimesikia, mwanangu."

"Sasa utaniandika? Jina lenyewe, kwa herufi zake? Mama yangu anakata kila gazeti. Msimu mzima amekata picha za Wade tu, anasema labda kiwiko kile cha nyuma ni changu."

Darlene alicheka kweli. Kisha akauliza, "Hukisikia kimya?"

"Nilikuwa darasani, lakini wamenisimulia." Aliinua mabega. "Mwewe nao ni watu, Mama Wade. Kinaweza kuwa chao."

"Kinaweza."

"Ndiyo hivyo. Mimi nikiogopa kila kitu nitarudi kufua mashuka na mama."

"Yeye Jumamosi anakuja?"

"Wapi! Zahanati wanayo mashine moja na dobi mmoja, ndiye yeye. Kwa mechi hawampi ruhusa. Labda awe na sababu ya maana." Akatia mkate mdomoni. "Nitampigia Jumapili, kama kawaida."

Aliondoka, na Darlene akabaki amesimama na kijiko mkononi. Kuna jambo alikuwa amelisikia Jumatano bila kulifikiria. Mwaka 1979 kulikuwa na kimya kama hiki, cha kijana wa Pruett aliyevunjika mguu, na kimya kile kilipasuliwa na sauti ya mama yake kutoka viti vya wazazi. Mji mzima uliisikia ile Jumatano, na tena Jumamosi. Mama hawezi kunyamaza. Hata mama wa Kaskel, akiwa pembe ya kusini, angesikika. Lakini Jumatano hii, kwa dakika zote kumi na moja, hakuna mwanamke aliyeita.

Akatazama ukumbi, kifungo kwa kifungo. Mama huyu, mama yule, shangazi wa nambari sabini. Wote wangekuwepo. Na Kaskel ni mwendo wa saa moja, wa kule wangekuja wote, kwa mabasi, na matusi yao. Kwa hiyo kimya hakikuwa cha Wade, maana yeye Darlene angepiga kelele hadi mishipa ipasuke. Kilikuwa cha mtu asiye na mama uwanjani.

Hofu ikamtoka. Ilimtoka yote, kwa mara moja, akajisikia njaa, akala mikate miwili amesimama. Alipomaliza wa pili aliona aibu, lakini tumbo lilikuwa limeshashiba.

Nyumbani alikuwa na karatasi ya timu yenye nambari za simu za wazazi. Aliketi karibu na simu, akapiga nambari za Presidio hadi ikabaki moja. Angesema nini? Kwamba njoo, mama, mwanao ataumia? Ofelia Zaldívar angepanda basi usiku huohuo. Angefika, angeketi katika viti vya wazazi pamoja nao, na kimya kingekuwa bado kipo, kwa sababu kilishasikika. Na bado hakuna mwanamke ambaye angeita, kwa sababu Jumatano hakuna aliyeita. Sasa kimya kile kingekuwa cha nani? Darlene alizipitia nambari zote kichwani na kila mara alisimama kwenye hamsini na nne. Wade alikuwa jikoni, akitafuta maziwa kwenye friji, akipiga mluzi.

Akakata simu. Ijumaa uchambuzi ulitoka, na jina la Zaldívar lilikuwemo kwa herufi zake.

Jumamosi kulikuwa na jua. Mwewe walikuja na mabasi kumi na mbili, na bango lililosema Pruett hawajui kukamua. Nusu ya kwanza ikaisha kumi kwa kumi, na watu waliosoma gazeti waliitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Robo ya tatu ilipoanza, akina mama walishikana mikono, wale waliokwepana siku mbili. Kwenye safu yao kiti kimoja kilikuwa kitupu, mtu ameweka koti juu yake.

Mkimbiaji wa Mwewe aliuchukua mpira akapasua katikati. Efrén alimwendea kama alivyofundishwa, ila aliinamisha kichwa, akamgonga kwa utosi. Watu walipiga kelele, wakapandisha, kisha ikakatika. Mkimbiaji aliinuka. Efrén hakuinuka.

Wachezaji wa pande zote mbili walipiga goti moja, kofia ngumu mikononi. Wade naye alipiga goti kwenye mstari wa pembeni, na Darlene akamtazama mgongo, mpana, mzima. Madaktari walikimbia, kisha wakaacha kukimbia. Elfu thelathini walinyamaza. Darlene alitaka kumwita yule kijana jina lake, Efrén, mara moja tu, ili ajue kuna mtu. Lakini Jumatano alikuwa amekisikiliza kimya kile chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sauti yake haikuwemo. Akafunga mdomo. Akina mama wenzake nao walikuwa wamefunga midomo, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Dakika ya kumi na moja machela iliinuliwa, watu wakasimama, wakapiga makofi. Darlene alipiga hadi viganja vikamwasha. Bendi ikapiga. Robo ya nne Wade alirudi na akacheza vizuri kuliko siku zote. Ilikuwa ishirini kwa kumi na saba, na vijana wakaizungusha Ndoo mjini hadi jioni, maziwa yakivuja mtaani.

Jumatatu Bwana Voth alimpongeza Darlene kwa matokeo aliyoyapatia na akamkumbusha kwamba Jumatano itakuwa zamu ya mechi ya mwisho ya msimu. Baadaye asubuhi hiyo aliingia mwanamke mfupi mwenye koti la sare ya zahanati, na kifuani karatasi ya wageni wa hospitali.

"Wewe ndiye Mama Wade?"

"Ndimi."

"Efrén kasema umemwandika." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelala kwenye kiti. "Anaongea. Mikono ndiyo haisikii, wala miguu. Anataka gazeti libandikwe darini, kwa vile anatazama huko. Na moja langu."

Darlene alimletea mawili. Ofelia alilipata jina, akaweka kidole chini yake.

"Aliniambia zamani kwamba hapa mnaisikia mechi mapema. Nikadhani ananitania." Aliinua macho. "Mlisikia?"

"Tulisikia."

"Lini?"

"Jumatano."

"Mlijua ni yeye?"

Darlene aliyatazama magazeti mezani. "Hatukusikia jina," alisema.

Ofelia aliitikia kwa kichwa. Aliyakunja magazeti taratibu ili lile jina lisipate mkunjo.

"Basi kutoka kwetu ni mwendo wa saa kumi na tisa," alisema. "Ningefika Ijumaa."

Aliweka magazeti mkobani, akauliza njia ya kurudi hospitali, kwa sababu alikuja kwa miguu na mji ulikuwa mgeni kwake. Darlene alitoka naye hadi barazani akamwonyesha kwa mkono: ashuke Mtaa wa Nne, apite mbele ya uwanja, kisha anyooke tu.