Kufuli la Mama Kaunta

Mumewe alipozikwa, Mama Kaunta hakulia sana mbele za watu. Alilia baadaye, amesimama nyuma ya kaunta, anapangusa chupa ambazo hazikuwa hata na vumbi. Jina hilo walimpa wateja, maana tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwona upande wao, wa wanaokaa. Baa ilikuwa yao wawili, lakini leseni ya kuuza vileo iliandikwa jina la mume peke yake.

Msiba haujapoa, akaja afisa biashara wa halmashauri, kijana mpole, mkoba kwapani. Akatoa pole, akakataa hata maji ya kunywa.

"Mama, kwa leseni ya marehemu huwezi kuuza. Peleka maombi ihamishwe kwenye jina lako. Ila kwa sasa usijitie matatani. Funga kwanza."

"Nifunge mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka kamati ya leseni ikae. Haichukui muda."

Mama Kaunta ni mtu wa kutii. Jioni ile ile akanunua kufuli jipya, akalitundika mlangoni. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa mafriji, alipoliona alishika kiuno.

"Shemeji, wewe nawe! Uza kwa mlango wa nyuma kama wenzako."

"Kaka yako hakuuza kwa mlango wa nyuma."

"Kaka yangu leseni ilikuwa na jina lake!"

"Na mimi nangoja yenye jina langu. Nitafungua mlango wa mbele, mchana kweupe, anayetaka kuchungulia achungulie."

"Haya, ngoja. Ukichoka kungoja, utanikuta."

Akangoja. Kamati ikaahirishwa, kwa kuwa wajumbe hawakutimia. Ikaahirishwa tena, mwenyekiti kasafiri. Mhudumu wa baa, binti waliyemwita Soda kwa sababu hajawahi kuonja kingine, alivumilia weee, mwisho akapata kazi kwenye baa ya ng'ambo ya barabara.

"Ukifungua tu, Mama, nipigie hata mluzi," alisema, machozi yanamtoka. "Nitakuja na aproni yao."

Mafriji yakazimwa, milango yake ikaachwa wazi yasinuke. Mama Kaunta akawa anapangusa kaunta kila asubuhi, halafu anafunga.

Mwishowe kamati ikakaa. Alivaa kitenge chake cha harusini na kanisani, akasimama mbele ya meza ndefu, feni inalia juu kama mlango usiotiwa mafuta. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani, alimsemesha kwa heshima.

"Pole kwa msiba, mama. Hebu tuambie, biashara inaendaje?"

Hilo ndilo swali alilolingoja. Akanyoosha mgongo.

"Sijauza hata chupa moja, mheshimiwa. Tangu niambiwe nifunge, nimefunga."

Wajumbe wakatazamana.

"Hata moja?"

"Haki ya Mungu. Waulizeni majirani."

Mwenyekiti akavua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Mama yangu, hapo umejimaliza. Baa ikifungwa muda mrefu hivi bila kuuza, leseni yake inakufa. Sisi tunahamisha leseni iliyo hai. Hii yako hatuna cha kuhamisha."

"Basi nipeni mpya."

"Mtaa ule hatutoi mpya tena, shule imejengwa nyuma yenu. Za zamani zinaendelea. Mpya hapana."

Mama Kaunta akamtafuta afisa biashara kwa macho. Alikuwa mwisho wa meza, anaangalia viatu vyake.

"Mwanangu, si wewe uliyeniambia nifunge?"

"Ni mimi, Mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Kwa nia njema."

"Angeuza kidogo kidogo tu kwa nyuma," mjumbe mmoja akamnong'oneza jirani yake, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu akasikia. "Tungemtoza faini, yakaisha."

Mama Kaunta aliaga vizuri, kama alivyofundishwa na mamake.

Alipofika kwenye baa akafungua kufuli, kwa mazoea tu. Mlango ulipolia, fundi viatu wa kibarazani akaruka, sindano bado mkononi.

"Kafungua! Nilisema mimi! Mama Kaunta, leo nianze na ya baridi."

Akakalia stuli yake ya siku zote. Kabla Mama hajajibu, Soda naye akaingia mbio kutoka ng'ambo, aproni ya wenyewe kiunoni, anahema, meno yote nje.

"Hata mluzi hujapiga, Mama! Nimeusikia mlango."

"Rudi kazini, mwanangu," Mama Kaunta akasema. "Wasije wakakufukuza na wewe."

Soda akabaki amesimama. Mama Kaunta akachukua kitambaa, akakikunja vizuri, akakilaza juu ya kaunta. Kisha akazunguka, akapita upande wa wateja, akavuta stuli karibu na fundi viatu, akakaa. Fundi akageuka kumtazama, na ya baridi hakuiulizia tena.