Bembea Isiyokaa Karibu na Mzigo

Bembea ya Kwihara haikuwa na mahali pa kukaa. Ilikuwa imara na watoto waliipenda, lakini kila ilipowekwa, wabebaji wake wa mbao walishuka alfajiri, wakachukua mzigo wowote uliokuwa karibu, wakashika njia ya pwani.

Kosa lilianza kwa Bundala. Alirudi kutoka vita vya Burma mwaka wa arobaini na sita, na huko Bara Hindi alikuwa ameona bembea ya kuzunguka. Akawaeleza watu penye pombe: nguzo katikati, sakafu ya duara, na juu ya sakafu wabebaji wa mbao. Watoto wanapanda migongoni, wakubwa wanasukuma. Watu wakasema hiyo tunaiweza. Wanaume walikata mninga, wanawake wakakamua mafuta ya karanga ya kusugulia mbao, na chuma cha kati kikatoka kwenye lori lililokufa barabara ya Kaliua. Kuchonga aliachiwa Lugembe, seremala.

Bundala alipokuja kutazama, alikuta wanaume wanane wa mbao wameinama, mikono magotini.

"Hawa nani?"

"Wabebaji," alisema Lugembe.

"Mimi nilimaanisha farasi."

"Hukusema farasi."

"Jina lake lilinipotea."

"Basi usinilaumu. Huku kwetu ukisema mbebaji, mimi namwona Mnyamwezi."

Kwihara hapakuwa na mtu aliyewahi kumpanda farasi, kwa sababu inzi wa ndorobo huwamaliza, kwa hiyo shauri likaishia hapo.

Sura hakuzichagua Lugembe. Alisema patasi ilikuwa inajiendea. Apolinaria, mjane mwenye nyumba mwisho wa kijiji, aliwapitia wale wanaume mmoja mmoja, akasimama mbele ya wa tano. Alikuwa Masele, mumewe. Hata kovu la kwenye nyusi lilikuwepo. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, Mjerumani alimtoa Masele shambani akambebesha sanduku la risasi. Njiani Mwingereza akamkamata, akamtua sanduku la Mjerumani na kumbebesha la kwake. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

"Umekonda," Apolinaria alimwambia, kisha akaenda kuchota maji, maana jua lilikuwa linazama.

Wale saba wengine nao walitambuliwa na jamaa zao kabla ya giza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kaburi.

Kwanza bembea iliwekwa misheni. Alfajiri wabebaji waliondoka na matofali ya kanisa jipya. Walikutwa saa sita mchana wamepumzika kivulini, wamekwisha kuwa mbao tena, matofali yamepangwa vizuri, hakuna lililovunjika. Padre alishukuru kwa uangalifu wao, akasema kanisa halitajengeka hivyo. Ikahamishiwa kwenye baraza la mtemi, wakaondoka na viti. Mwisho ikapelekwa Tabora mjini, stesheni, na hapo wakachukua magunia ya karanga na kufika nayo Igalula kabla ya garimoshi.

Bwana Shauri, Mwingereza mtawala wa wilaya, alisema neno moja. Wakishuka tena, watakuwa kuni za garimoshi.

Apolinaria alikwenda kwa miguu hadi ofisini kwake. Hakumwomba awasamehe. Alimwomba aandike majina yao mahali, kwamba walibeba na hawakurudi. Bwana Shauri alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa adabu kwamba katika vita vile wapagazi hawakuandikwa. Iliyoandikwa ni mizigo.

Alipotoka, akapitia stesheni kumtazama mumewe. Karani wa mizigo alikuwa Mzaramo, jina lake Kondo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo alianza utani kabla hajamaliza kuamkia.

"Shikamoo bibi. Ninyi Wanyamwezi hata mkifa hamwezi kuona gunia limepumzika?"

"Marahaba. Na ninyi hata mkiwa hai hamjapata kuliinua."

Kondo alicheka, akamsogezea boksi akae. Akamtazama Masele kwa muda.

"Hawa hawana kosa, bibi. Mpagazi hatulii akiona mzigo. Wapeleke pasipo na mzigo."

"Nyumba gani haina mzigo?"

"Huyu mzee, matanga yake yalifanywa?"

"Yafanywe bila maiti?"

"Basi mtani wako nimechelewa miaka mingi. Nakuja kuchukua haki yangu, na usinizuie."

Matangani mtani huchukua anachotaka na hakuna wa kumnyang'anya. Apolinaria alilijua hilo, akaenda nyumbani kupika ugali wa mwisho kwenye jiko lake mwenyewe.

Kondo alikuja Jumapili na Wazaramo wenzake wa reli. Waliketi, wakala, wakamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo na miguu yake ilinuka, na Apolinaria akacheka mpaka akalia, kama inavyotakiwa. Kisha wakaanza kutoa vitu. Kipimo kilikuwa chepesi: chochote ambacho mwanamume anaweza kukiweka begani kinatoka. Wakaacha kinu, kwa kuona huruma.

Bembea ikaletwa kutoka stesheni, ikasimamishwa uani kwa Apolinaria. Alfajiri ya kwanza Masele alishuka, akachukua kinu, akafika nacho barabarani. Bundala akamrudisha. Kinu nacho kikaenda kwa jirani.

Alfajiri iliyofuata wabebaji walishuka wote wanane. Walizunguka ua, wakachungulia ndani ya nyumba, wakatazamana, wakarudi kupanda. Mchana watoto walikuja, wale wa misheni na wale wa mjini, wakapanda migongoni. Mzigo huo wabebaji waliukubali. Haukuwa mzito, na haukuwa unakwenda popote. Kila mzunguko Masele alipita mbele ya mlango wake, na Apolinaria alikaa kizingitini akamwona akifika, mara baada ya mara, mpaka akazoea na kuanza kusuka ukili huku anatazama.

Bembea iko hapo. Bwana Shauri alipita siku moja, akamsukumia mwanawe mizunguko michache, akasema ni kazi nzuri. Majina hakuandika.

Vilivyotoka kwa Apolinaria ni hivi: kinu na mchi, mafiga matatu, kilindo cha gome chenye uwele, mitungi miwili, jembe, kitanda, jiwe la kusagia, na kuku, kwa sababu ya tenga lao. Anakula kwa Benedikta, jirani yake, na analala juu ya mkeka, ambao huupeleka huko kila asubuhi kabla ya jogoo. Ukili nao unalala huko.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi, ngata ya majani, ya kuwekea mzigo kichwani, ambayo Masele aliisokota mwenyewe na kuiacha nyuma ya mlango siku aliyochukuliwa. Ngata si mzigo, ila mbebaji akiiona ataanza kuutafuta. Hiyo Apolinaria hakumpa Kondo. Aliichoma mwenyewe, pale uani, Masele akipita na watoto wawili mgongoni.