Dakika Tisini za Bwana Mbioni

Simu ilipolia, msusi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imelala safi, upande wa kulia nywele zilisimama kama zilivyoamka. Aliibana simu kati ya sikio na bega akaendelea kusuka, kwa sababu mteja alikuwa na safari mchana.

Aliyepiga alikuwa katibu wa ligi ya wasichana. Msusi ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya mtaa, na mechi ya Jumamosi ndiyo ingeamua nani aende mashindano ya taifa. Wasichana wake walihitaji sare tu. Lakini kamati ilikuwa imekaa, na kamati ikikaa hainyanyuki mikono mitupu. Iliamua kwamba mwenyeji lazima awe na uwanja wenye nyasi, mistari na nyavu, la sivyo wageni watapewa ushindi wa mezani.

"Nyasi zitakuwepo," Kocha alisema.

"Na nyavu?"

"Na nyavu. Wewe tuletee refa tu."

Alimalizia kichwa cha mteja, akafunga saluni, akaenda ofisi ya utamaduni na michezo kuomba hotuba.

Uwanja wa vijana wa mtaa ule ulikuwepo pale tu unapohutubiwa. Siku za kawaida ulikuwa mteremko wa mawe na vichaka viwili, na mbuzi walikuwa na haki nao zaidi kuliko wachezaji. Lakini Afisa Utamaduni na Michezo aliposhika kipaza sauti na kusema kwamba serikali itawajengea vijana uwanja wa kisasa, ardhi ilijinyoosha na nyasi zikachipua. Akitaja magoli, magoli yalisimama. Akitaja jukwaa lenye paa, watu walihamia kivulini. Aliposema asanteni kwa kunisikiliza, vyote viliondoka kwa utaratibu, paa kwanza na nyasi mwisho, mbuzi wakarudi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Pale mtaani ahadi ilikuwa nyasi, na watu walikuwa wameshaizoea kama walivyozoea umeme wa kukatika.

Kocha mwenyewe aliwahi kujaribu. Alishika kipaza sauti, akasema maneno yale yale, tena kwa sauti tamu kuliko ya Afisa. Hakuna kilichoota. Mbuzi mmoja aliinua kichwa, akaona ni yeye, akaendelea kula. Ilibidi aseme mwenye cheo.

Afisa huyo aliitwa Bwana Mbioni na mtaa mzima, kwa kuwa hakuna jambo aliloulizwa ambalo halikuwa mbioni. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda watoto, na kwenye michezo ya kuigiza ya shule alilia hata pale palipokusudiwa kuchekesha. Ofisi yake ilikuwa finyu, na nusu yake ilichukuliwa na ngoma kuukuu ya urithi iliyokuwa ikisubiri jumba la makumbusho. Jumba nalo lilikuwa mbioni. Wakati huo ngoma ilibeba birika la chai.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Kocha. Wasichana hawajambo?"

"Hawajambo. Jumamosi wana mechi. Tunaomba uje kutuhutubia."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tisini. Na za nyongeza, refa akipenda."

Bwana Mbioni alivua miwani akaifuta kwa tai. "Dada yangu, hata mimi huwa naishiwa."

"Kuna mapumziko katikati. Tutakuwekea maji ya uvuguvugu na asali."

"Haya, nitakuja. Watoto ni watoto."

"Na huo uwanja wenyewe, Mheshimiwa, utajengwa lini?"

"Uko mbioni," alisema, na nyasi chache zikachipua chini ya meza yake. Alizisukuma pembeni kwa kiatu, akamsindikiza mgeni mlangoni.

Jumamosi wageni walishuka kwenye basi lao, wakatazama mteremko, kisha wakamtazama Kocha. Kocha aliwaambia wavae viatu tu, Mheshimiwa anapima kipaza sauti. Bwana Mbioni alikohoa, akawasalimia wote kwa vyeo vyao, akafika kwenye nyasi za kiwango cha kimataifa. Refa aliukagua uwanja uliotokea, akavuta nyavu, akaridhika. Aliuliza kama msemaji ana afya njema. Alipojibiwa kwamba anayo, alipuliza filimbi.

Watazamaji walikuwa na sharti moja, kutopiga makofi. Bwana Mbioni, kama maafisa wote, akisikia makofi alishukuru na kukaa. Kwa hiyo mtaa ulishangilia kwa kupunga vitambaa, na golikipa alipodaka shuti la kwanza, uwanja mzima ulipepea bila sauti. Golikipa huyo aliitwa Gundi, naye alikuwa binti wa Kocha. Mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa umefika nyumbani.

Tatizo lilianza Bwana Mbioni alipokolea. Mtu akizoea kuahidi, ahadi moja humtekenya aguse nyingine. Alitaja maji safi, na bomba likatokea karibu na kibendera cha kona, wanawake wakalikimbilia na ndoo. Alitaja bwawa la kuogelea, na mpira ulipotoka nje ulirudi umelowa. Kisha akataja ukumbi wa sanaa za maonyesho, na pazia jekundu likashuka katikati ya uwanja. Wakati wenyeji wakiutafuta mpira upande huu wa pazia, wageni walikuwa nao upande wa pili, na wakafunga.

"Mheshimiwa, baki kwenye michezo!" Kocha aliita.

Refa alilikubali goli. Alisema pazia halikumzuia mtu yeyote kwa makusudi.

Wakati wa mapumziko Bwana Mbioni alikunywa asali yake, na wachezaji walipumzika wamekaa juu ya mawe. Kipindi cha pili alirudi na adabu. Aliahidi taa, na taa zikawaka mchana kweupe. Aliahidi vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto, mabenchi ya akiba yenye mito, na daktari wa timu, ambaye alitokea akiwa na begi lake na kumfunga winga wa wenyeji kifundo cha mguu. Wasichana walishambulia mpaka wageni wote wakajaa golini kwao. Mpira uligonga mwamba, ukagonga mwamba tena. Kocha alikuwa anatafuna kitana chake. Aliwaza kwamba watoto hawa wamecheza kwenye mawe maisha yao yote, na sasa watafungwa na pazia. Iliuma.

Zilipobaki dakika chache, Bwana Mbioni aliishiwa. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, lakini hilo lilikuwa dogo. Hakukuwa tena na kitu cha kuahidi. Alikuwa ameahidi hata vibanda vya tiketi. Nyasi za pembeni zikaanza kufifia, na beki mmoja akakanyaga jiwe. Refa akaiweka filimbi karibu na mdomo.

"Sema chochote, baba," Kocha alisema. Alikuwa amesogea mpaka miguuni pa jukwaa.

Bwana Mbioni aliutazama uwanja. "Mimi nilikuwa winga wa kushoto," alisema. "Hapa hapa. Tulicheza na mpira wa matambara. Akaja afisa wa wakati ule, amevaa kofia, akatuambia..."

Akayarudia maneno ya afisa yule kama alivyoyashika akiwa mtoto, neno kwa neno, kwamba vijana watajengewa uwanja, na kwamba kufikia mavuno yajayo utakuwa tayari. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuna aliyekuwa akiigiza.

Nyasi zilizotokea zilikuwa za ahadi ile. Zilikuwa ndefu, ngumu, zimefika magotini, kwa kuwa tangu siku zile hakuna aliyezifyeka. Magoli yaligeuka ya miti, yenye nyavu za kamba. Wageni walisimama wakishangaa waanzie wapi, lakini wenyeji walikuwa wamezoea kucheza mahali pasipochezeka. Walipata kona. Gundi aliliacha goli lake akapanda mbele, mama yake akimkataza kwa mikono yote miwili. Mpira ulipigwa, ukaanguka kwenye nyasi ndefu, ukapotea. Mabeki wakawa wanafyeka kwa miguu wakiutafuta. Gundi aliona nyasi zinatikisika, akapiga pale zilipotikisika.

Nyavu za kamba zikajaa. Vitambaa vikapepea, na wapo waliouma ngumi zao ili wasipige kelele. Bwana Mbioni aliendelea kuhutubia kuhusu mavuno yajayo mpaka filimbi ya mwisho, ndipo watu wakapiga makofi yote waliyokuwa wameyaweka tangu asubuhi. Alishukuru, akakaa. Daktari wa timu alifunga begi lake akaondoka pamoja na nyasi.

Katibu wa ligi aliandika sare ya bao moja kwa moja, na mtaa ukala na kucheza mpaka jua likazama.

Mashindano ya taifa yalifanyika katika mji wenye uwanja wa kweli. Wasichana walishinda mechi moja, wakafungwa mbili, na hawakuona aibu. Mechi ya kwanza iliwachanganya. Kila mara waligeuka kutafuta jukwaa, na refa alipouliza wana shida gani, Gundi akauliza ni nani anayehutubia. Refa akasema hakuna. Walicheza kipindi kizima wakikanyaga taratibu, wakingojea sauti ikatike. Haikukatika, kwa sababu haikuwepo. Siku ya kuondoka Gundi aling'oa kipande cha nyasi pamoja na mizizi yake, akakitia ndani ya soksi.

Alikipanda nyumbani kwenye mteremko, pale hutokea katikati ya mstari wa goli, akakizungushia miiba dhidi ya mbuzi. Kesho yake kilikuwepo. Keshokutwa kilikuwepo. Watu walikuja kukitazama, kwa kuwa hawakuwahi kuona nyasi zisizomsikiliza mtu.

Habari zilimfikia Bwana Mbioni, ambaye sauti yake ilikuwa imepona. Alikuja na wageni wa heshima na gari lenye bendera. Akafunga utepe kuzunguka kile kipande cha nyasi, akaukata, akatangaza kwamba awamu ya kwanza ya uwanja wa vijana imekamilika na awamu ya pili iko mbioni. Mteremko wote ukawa kijani, na wasichana, ambao hawakuwa watu wa kupoteza hotuba, wakajigawa timu mbili wakacheza mpaka wageni wa heshima walipoingia garini.

Baadaye Kocha alishuka kati ya mawe na chupa ya saluni ya kunyunyizia nywele. Kipande chao kilikuwepo, kimelala upande mmoja, kina alama ya kisigino katikati. Alikinyanyua kwa vidole viwili, akakinyunyizia. Gundi alikuwa amechuchumaa pembeni akipima kwa macho umbali mpaka goli la pili.

"Mama," alisema, "mwakani tukienda taifa, kila mtu aje na soksi ndefu."