Yadi Mbili za Delmar Novotny

Kwa wiki tatu mfululizo Delmar Novotny alikuwa akiota ndoto moja. Anaurusha mpira, mpira unapanda, unaingia ndani ya theluji, haushuki. Watu elfu sitini wameinua nyuso wanaungoja, hakuna anayepiga kelele, na yeye mwenyewe hana wasiwasi hata chembe. Anaamka bega linawaka moto, na mkewe Corinne keshaweka chupa ya maji moto kando ya mto.

"Umeota tena?"

"Nimeota."

"Mpira umeshuka?"

"Haujashuka."

"Basi uache huko huko, njoo ule mayai yako."

Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na katika mpira huu wetu wa Kimarekani wa kuvunjana mbavu, mtu wa umri huo ni babu kizee. Miaka ishirini alikuwa mrushaji wa Wafua Chuma wa Erie, yule mtu anayepewa mpira kila mchezo unapoanza na kuamua aurushe kwa nani. Timu yenyewe, tuseme ukweli tu, imetutia aibu mara nyingi kuliko ilivyotufurahisha. Lakini Delmar hakuwahi kututia aibu. Alivunja rekodi ya pasi zilizokamatwa katika mechi moja, akavunja ya mechi nyingi bila kukosa hata moja, akarusha yadi elfu tano kwa msimu, misimu mitatu mfululizo, na bega limefungwa bandeji. Ilibaki moja tu, mama yao wote: yadi za maisha, jumla ya umbali wote ambao pasi zake zimesogeza mpira mbele. Hiyo ilikuwa imesimama miaka kumi na tisa bila mtu kuigusa.

Jumapili hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na msimu wenyewe ndio wa mwisho, alishamwahidi Corinne. Alihitaji yadi mia mbili na kumi na nne. Tena, ikishinda, Erie ingeingia mtoano wa Januari, kitu ambacho tulikuwa tukikisikia kwa majirani tu kwa miaka kumi na sita. Mambo mawili makubwa siku moja. Mji mzima ulikuwa roho juu tangu Ijumaa, hata kwenye karamu ya samaki ya kanisani watu walikula bila kujua wanakula nini.

Theluji ya ziwani ilianza asubuhi na haikuwa na haraka. Saa saba mchana, mechi ilipoanza, ilikuwa ikianguka taratibu, na Delmar alijisikia yuko ndani ya kitu laini. Kelele za uwanja zilimfikia kwa mbali. Aliona kila kitu polepole: mvuke wa pumzi za wanaume, mabega ya wapinzani wetu, Omaha, yakisogea, na mbele yake kabisa, mgongo mpana wa Tavita Fuimaono.

Tavita ndiye aliyekuwa akiinama juu ya mpira na kumpa Delmar kupitia katikati ya miguu, mara sitini kila Jumapili, miaka kumi na tano. Mtu wa kazi hiyo hana takwimu. Hakuna anayehesabu pasi zake wala yadi zake, na jina lake husikika akikosea tu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kabisa, kila mtu alijua, na yeye pia alikuwa akistaafu. Kitu kimoja tu alikuwa akikitaka na hakuwahi kukificha: mechi moja ya mtoano kabla hajafa.

"Umeniwekea mikono matakoni miaka kumi na tano," alimwambia Delmar asubuhi ile wakivaa viatu, "hata maua hujawahi kuniletea. Niletee Januari moja basi."

"Nitakuletea."

"Ulisema hivyo mwaka ule wa mafuriko."

"Mwaka ule nilikuwa kijana, nilikuwa mwongo."

Basi walicheza. Robo ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, yadi zikawa zinaingia moja moja. Robo ya tatu, Delmar alirusha pasi ndefu upande wa kulia, ikamkuta mtu wake ukingoni kabisa mwa uwanja, na mtangazaji akapaza sauti kama nyumba inaungua. Rekodi imevukwa, kwa yadi tatu! Mechi ikasimamishwa. Corinne akashushwa uwanjani na koti lake la bluu, wazee wa ligi wakaja na kinyago cha shaba, tuzo ya rekodi, wachezaji wa Omaha nao wakavua kofia zao ngumu wakapiga makofi. Delmar alilia. Alimkumbatia Corinne, theluji ikiwaangukia, na kwa muda ule hakujua kama amelala au yuko macho. Alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa.

Kitu kimoja hakumwambia mtu. Ile pasi ndefu ilipotoka mkononi, bega lilitoa mlio, na tangu hapo vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikuwa vikisikia kitu.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo. Robo ya nne ilipoanza, kocha alituma mchezo wa kukimbia, mchezo salama usio na matata. Delmar akafika kwenye mstari ambapo timu mbili hukabiliana, kichwa bado kiko kwenye makofi, akaubadilisha. Akaita kapasi kafupi ka pembeni kwa mdakaji wetu Cortland Meeks, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mstari. Meeks akaudaka. Omaha wakamfikia watatu kwa mpigo, wakamwangusha yadi nne nyuma.

Kila mtoto wa Erie anajua: pasi ikidakwa na mtu akaangushwa nyuma ya mstari, yadi zile zinakatwa kwa aliyerusha. Lakini baada ya machozi na picha na koti la bluu, nani alikuwa na akili ya kukumbuka? Watu walikuwa wananunua mikate yao ya soseji ya pepperoni. Na Delmar ndiye aliyesahau kuliko wote.

Alikumbushwa akiwa benchi, Omaha wana mpira. Kocha Hollis Grady, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alikuja akasimama mbele yake.

"Del, kaa."

"Nimekaa, kocha."

"Kaa vizuri." Akasafisha koo. "Ile pasi ya Meeks imekukata nne. Uko yadi moja chini ya rekodi. Moja kuifikia, mbili kuivuka."

Delmar aliangalia theluji. Alingoja kocha acheke. Kocha hakucheka.

"Mke wangu keshashika kile kinyago," akasema mwishowe.

"Najua."

"Amepigwa nacho picha."

"Najua, mwanangu. Najua."

Meeks alikuwa mwisho wa benchi, kajifunika taulo usoni. Alikuwa na miaka thelathini, baba wa watoto watatu, naye alikuwa akilia kwa kwikwi. Delmar alitaka kwenda kumwambia kitu lakini hakwenda. Alikuwa anaumia. Miaka ishirini, vidonge, barafu, upasuaji mara nne, halafu mtu unajikata kwa mkono wako mwenyewe kwa sababu umepigiwa makofi! Alitamani arudi kwenye ile ndoto, mpira ukae huko juu, pasiwe na wa kuupima.

Omaha walifunga, ikawa ishirini kwa kumi na saba, Erie bado mbele. Wafua Chuma wakapata mpira, kocha akataka wakimbie nao tu ili kula saa, wakakwama, wakaupiga mbali kuwaachia Omaha. Omaha wakaja tena, wakapigana kufa kupona mpaka katikati ya uwanja, na hapo ukuta wetu ukawazuia. Mpira ukarudi kwa Erie. Ilibaki dakika moja na sekunde hamsini, na Omaha walishamaliza muda wao wote wa kusimamisha saa.

Anayejua mchezo anajua kinachofuata. Mrushaji anapokea mpira, anapiga goti, saa inakwenda. Anapiga goti tena, na tena. Magoti matatu, mechi imekwisha, Erie iko mtoano. Hakuna kitu rahisi kama hicho duniani. Ila ukipiga goti hurushi, na yadi za mtoano haziingizwi kwenye yadi za maisha, wala hazijawahi kuingizwa. Delmar akipiga goti leo, rekodi ndiyo basi tena.

Habari ilikuwa imeshaenea. Watu elfu sitini walisimama. "Rusha! Rusha! Rusha!" Mpaka wauza kahawa walikuwa wanaimba.

Sauti ya kocha ilimjia ndani ya kofia, kwenye kile kispika kidogo. "Del, sikiliza. Mimi sikulazimishi. Ukitaka kurusha, rusha. Ukitaka—" Zikabaki sekunde kumi na tano za kuanzisha mchezo, kispika kikazima chenyewe, kama kanuni inavyotaka.

Kwenye duara la wachezaji wote walimtazama. Meeks alikuwa wa kwanza.

"Nipe mimi, kaka. Yadi mbili tu. Nitazishika kwa meno. Usiniache na kitu hiki, nakuomba, watoto wangu watakuja kuambiwa shuleni."

"Mpira una maji, Cort," Delmar alisema.

"Mimi nimeshadaka sabuni!"

Mtu akacheka, akanyamaza haraka. Tavita alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti yake mabovu, anahema.

"Rusha," Tavita akasema. "Ukipokonywa, umepokonywa. Mimi Januari nimeshazoea kuangalia kwenye kochi, miguu ndani ya ndoo ya barafu."

Alisema hivyo bila kumtazama. Delmar alikunja vidole vyake. Vitatu vilikunjika. Viwili vilikuwa kama vya mtu mwingine. Pasi ya yadi mbili hata bibi yake angeirusha, ndiyo, bibi mwenye vidole vitano. Aliona waziwazi, polepole, kama alivyoona mambo yote siku ile: mpira ukiteleza, jezi nyeupe ya Omaha ikiudaka, mgongo mpana wa Tavita ukigeuka kutazama. Akaona na lile jingine pia, mpira ukifika, kinyago kikibaki nyumbani kwake kihalali. Alilitamani hilo la pili mpaka mate yakamkauka.

"Goti," akasema.

"Kaka!" Meeks akapiga kelele.

"Goti, nimesema. Na ile pasi niliiita mimi, Cort, siyo wewe. Wakikuuliza watoto, waambie Novotny alikuwa mjinga siku hiyo. Twendeni."

Wakajipanga. Tavita akainama juu ya mpira, Delmar akaja nyuma yake akaweka mikono. Akatoa ishara. Mpira haukuja.

Akatoa ishara tena.

"Sitoi," sauti ya Tavita ikasema kutoka chini kule.

"Tavi, toa mpira."

"Sitoi mpaka useme unarusha. Miaka kumi na tano sijawahi kukukatalia kitu. Leo nakataa."

"Sekunde saba, Tavi. Refa anatazama."

"Atazame! Ameona matako makubwa kuliko haya? Hutaniharibia uzee wangu, Del. Hutanifanya nikae Erie nzima inanyoosha kidole, huyu ndiye ambaye Novotny aliacha rekodi yake kwa kumhurumia. Sitaki sadaka yako."

Mtu mkubwa wa Omaha aliyekuwa amechuchumaa mbele yao alikuwa ametoa macho, hajui acheke au aite polisi.

"Siyo sadaka," Delmar alisema. Sekunde nne. Hakuwa amelijua neno lililofuata mpaka alipolisikia likitoka. "Sitaki iishe leo. Nataka kucheza wiki ijayo. Basi. Nikirusha nikapokonywa, kesho tuko nyumbani. Mimi sitaki kwenda nyumbani, Tavi."

Sekunde mbili. Mpira ukaja, baridi, umelowa, ukagonga viganja vyake. Vidole viwili havikuusikia. Delmar akapiga goti kwenye theluji.

Uwanja ulizomea. Ndiyo, tulizomea, siwezi kudanganya, mimi mwenyewe nilikuwemo na nilizomea. Alipiga goti la pili na kelele zikapungua, watu wakaanza kutazamana. Goti la tatu lilipigwa kimya kabisa, saa ikienda yenyewe hadi sifuri, na theluji ikaendelea na shughuli zake. Hapo ndipo mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine, na wengine, mpaka vyuma vya majukwaa vikaanza kutikisika.

Delmar hakuinuka mara moja. Tavita naye alikuwa bado ameinama pale pale, magoti yamekataa kunyooka, kamasi zinamtoka.

"Ukirusha yadi elfu wiki ijayo," Tavita akasema, "hazihesabiwi."

"Najua."

"Hata moja."

"Najua, Tavi, acha kunikumbusha." Akajaribu kutabasamu, uso ukakataa. Hapo ndipo kilio kikamjia, siyo kile cha robo ya tatu, kingine, cha chini zaidi, na hakukizuia. Alizililia yadi zile mbili mbele ya watu elfu sitini. "Inauma," akasema. "Mungu wangu, inauma vibaya."

Tavita akamshika shingoni kwa mkono wenye tope, wakainuana hivyo hivyo, mmoja akimvuta mwenzake, mpaka wote wawili wakasimama. Walitembea kuelekea mlangoni polepole, kwa ajili ya magoti. Karibu na mlango Delmar alijifuta pua kwa mkono wa jezi, akauliza mazoezi ya Jumatano yanaanza saa ngapi, ingawa kwa miaka ishirini yalikuwa yakianza saa tatu.