Kadi za Mdomo

Mwalimu alipotangaza makundi, Pilipili alisikia jina la Mdomo likifuata lake, akacheka kimoyomoyo. Mungu si Athumani!

Mwaka uliopita Mdomo aliichukua programu aliyoiandika Pilipili, akaiwasilisha kama yake. Pilipili alipolalamika, akaambiwa ndiye aliyenakili, akarudia somo zima. Darasa likampa kisogo, isipokuwa Mpole, msichana wa maneno machache, aliyeendelea kuketi naye. Sasa watatu hao ni kundi moja, na alama ya kundi ni moja kwa wote.

Mwalimu aliwafundisha kujenga mfumo wa kompyuta wa zahanati kidogo kidogo, wakimwonyesha mteja kila kipande kinapokamilika. Kila asubuhi walisimama mbele ya ubao wa kadi, kila kadi na kazi yake, kila mmoja akieleza alichofanya jana. Kadi haihamii upande wa "Imekwisha" mpaka mwenzako aijaribu kazi yako. Kazi za Mdomo, Pilipili alijitolea kuzijaribu yeye.

"Jana nimemaliza usajili wa wagonjwa," Mdomo alisema huku akipiga miayo. "Dada, nichekie basi."

"Iko poa, kaka," Pilipili akajibu bila hata kufungua kompyuta. "Hamisha."

Mpole akamgeukia. "Umeijaribu kweli?"

"Niamini, shoga yangu."

Mpole akaamini, akarudi kwenye ripoti zake za wagonjwa, alizozihangaikia mpaka macho yakavimba. Pilipili naye akaendelea kumnenepesha Mdomo kwa sifa, kama kuku wa kuchinjwa.

Siku ya maonyesho mteja wao, muuguzi mkuu wa zahanati, akaandika mgonjwa wa kwanza, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Mdomo akausingizia mtandao.

"Mtandao upo," mwalimu akasema. "Fungua programu, rekebisha hapa hapa."

Mdomo hakujua hata pa kuanzia. Akafungua faili hili, akalifunga, akafungua jingine. Lo, utamu wake! Pilipili aliuramba wote.

"Nani aliijaribu kazi hii?"

"Mimi," akajibu, kichwa juu. "Nilijua haitafanya kazi, nikaipitisha. Nilitaka aumbuke kama nilivyoumbuka."

Mwalimu akaandika sifuri ya kundi. Bila wagonjwa waliosajiliwa, ripoti za Mpole hazikuwa na hata mstari wa kuonyesha.

Mpole alikunja waya wa kompyuta yake taratibu. Hakulia wala hakufoka.

"Mdomo alikukosea," akasema. "Mimi nilikukosea nini?"