Kiboko wa Kumi na Tano

Kwetu Mbeere mtu hamalizi kuhesabu mbuzi wake, wala watoto wake. Ukimuuliza ni wangapi, atakwambia wapo. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na mambo hayo yalinikera sana, hasa kwa kuwa kazi iliyonilisha ilikuwa ni kuhesabu.

Mwaka huo wa tisini na saba, kabla mvua kubwa haijaja, bwawa lililo chini ya Kiritiri lilikuwa limepungua nusu. Kila asubuhi nilisoma kina cha maji kwenye nguzo, nikapima joto lake, nikaandika samaki waliokufa na ndege waliotua. Viboko nilimwachia mwenzangu kazini, mzee Ndambiri, aliyekuwa na subira ya kungoja kila kichwa kiibuke kuvuta pumzi. Kwa miezi minne aliniambia kumi na wanne, nami nikaandika kumi na wanne. Wakiwa wote majini, nilipandisha kitambaa cheupe juu ya mti, na kina mama wakashuka na punda kuteka maji. Akikosekana hata mmoja, kitambaa hakipandi. Kiboko aliye nchi kavu hamsamehi mtu aliyesimama kati yake na maji.

Jumatano moja Ndambiri alienda Kiritiri kung'olewa jino. Nikahesabu mwenyewe, mara tatu. Kumi na wanne. Nikapandisha kitambaa, huku nikijisifu moyoni kwamba kumbe kazi yenyewe ni rahisi, mzee huyu ananichelewesha bure. Wanawake saba walishuka. Wa mwisho alikuwa mke wangu Wawira, mimba yake ya miezi saba, akimvuta punda wetu.

Ndambiri alirudi saa nne, shavu limevimba.

"Nani amehesabu?" akauliza, akikitazama kitambaa.

"Mimi, mzee. Wako wote kumi na wanne."

Alikaa chini kwenye jiwe. Sikuwahi kumwona akikaa kabla ya kusalimia.

"Muchangi, mimi huwa naacha moja. Kitu iko na uhai haimalizwi kuhesabu. Hao wote ni kumi na tano."

Nilikishusha kitambaa, kisha nikakimbia. Njia ya kwenda majini ilipita katikati ya matete marefu kuliko mtu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Miezi minne nilikuwa nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri, nikaupigia mstari kwa rula. Kabla sijafika nilisikia punda akilia. Akanyamaza ghafla, kisha kitu kizito kikaingia majini kwa kishindo.

Wanawake walitoka kwenye matete bila mitungi, wengine bila viatu. Nikaanza kuwahesabu. Sikutaka, lakini kichwa changu hakina kazi nyingine. Wawili walioshikana mikono. Watatu. Wanne. Nelius, jirani yetu, akichechemea. Sita.

"Mama Muthoni yuko wapi?" nikauliza.

Nelius alionyesha nyuma yake, kwenye matete.

Niliingia. Nilimwita mke wangu kwa jina lake la kuzaliwa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tupate mtoto wa kwanza. Matete yalitikisika mbele yangu, nikasimama, kwa maana sikujua ni nani anayekuja.

Alikuwa Wawira, matope hadi kifuani, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika kipande cha kamba.

"Punda imeenda, Baba Muthoni," akasema. "Kamba ilikatika."

Nilimshika mkono, tukapanda taratibu hadi kwenye mti. Ndambiri alikuwa bado pale pale kwenye jiwe, amefunika uso. Aliuliza bila kuinua kichwa wametoka wangapi.

"Sita," nikasema, nikizidi kuubana mkono wa Wawira. Mzee aliinua macho, akamwona, na hakuniuliza zaidi.