Ghuba la Daisy

Jumatatu moja ya mwaka 1951, katika ofisi ya ramani katikati ya Nairobi, Oloo alichovya kalamu akaandika, kama alivyoagizwa, "Ghuba la Daisy" pale ziwa linapoingia nchi kavu, nyumbani kwao. Watu wa huko waliliita ghuba hilo Akumu, jina la nyanya yake, aliyefika ufukweni na mbuzi wake akakataa kuhama. Daisy alikuwa mbwa wa Bwana Hartnell, mkuu wa ofisi. Alizaliwa mtaani Hurlingham, hapo Nairobi, akafia Hurlingham, na maji hakuyataka hata ya kuoga. Mtaalamu wa jiografia kabisa.

"Bwana, hapa pana jina tayari," Oloo alisema. "La nyanya yangu."

"Umekwisha andika," Hartnell akajibu. "Wino huu unatoka London. Hatufuti."

Wino ulipokauka, ramani ikaanza kulia kama mtoto mchanga. Machozi yenye harufu ya omena, dagaa wa ziwani, yakatiririka mezani. Tarishi Mwanzia alileta ndoo, kisha nyingine, akilalamikia mgongo.

Mchana, Philister, mke wa Oloo, alileta chakula, mimba ikiwa imemlemea. Alisikiliza mlangoni, akasonya.

"Si analilia jina huyo! Nanyi mmekaa tu mnachota maji?"

Kwao, mtoto asiyenyamaza hutajiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka lifikiwe analolitaka. Oloo akainamia ramani.

"Akumu," akaita.

Ghuba likanyamaza.

Hartnell alifurahi mno. Alipenda ofisi kavu. Jina la Daisy likabaki palepale, naye Oloo akapandishwa cheo. Kazi yake ikawa kuinong'oneza kila nakala jina la Akumu kabla haijatoka, kwa sauti ya chini sana, watu wasije wakalisikia jina hilo. Haki iliyoje, jamani!

Philister alijifungua msichana. Alilia, akatajiwa Akumu, akanyamaza.

Mwaka 1959, shuleni kwake Uthiru, Mwalimu Haron aliuliza ghuba lile laitwaje. Msichana akaandika jina lake mwenyewe. Mwalimu akamtia kosa kwa wino mwekundu. Karatasi ikaangua kilio. Haron, aliyekwisha zoea karatasi zinazolia, akaianika dirishani. Ilipokauka, jibu lilikuwa limefutika. Kosa lilibaki.

Jioni msichana alimpelekea baba yake karatasi hiyo. Oloo aliitazama, kisha akamwita binti yake kwa jina aje karibu.

"Baba," msichana akauliza, "mbona jina langu unalinong'ona?"